Mfungo kwa Ajili ya Dada Loretta

Aurore akishapanga jambo, wewe mpishe tu njia. Jumamosi ile viti alivipanga mwenyewe, kahawa aliichemsha mwenyewe, mandazi akayafunika kwa kitambaa cheupe, kisha akaenda kwenye kiti cha mbele kabisa, kilichotazamana na skrini, akakiwekea mkoba wake ili asije akakikalia mtu mwingine ila mama yake mzazi. Kiti cha pembeni yake akakiwekea skafu nyekundu. Hicho cha pili ndicho kilichobeba balaa.

"Aurore," Roméo alisema huku akichomeka waya wa spika ukutani, "bado tunaweza kuwatenganisha. Mama yangu akae nyuma, wako akae mbele."

"Wakae pamoja."

"Hawajaongea zaidi ya miaka ishirini."

"Basi watakuwa na mengi ya kusemezana."

Roméo akacheka, japo hakutaka. Alikuwa dereva wa treni ya chini ya ardhi, laini nyekundu, na macho yake yalikuwa yamezoea kutazama mbali gizani. Lakini yakimtua Aurore yalisahau kuondoka. Aurore naye hakuwa mtu wa kuinamisha macho. Alimtazama mpaka Roméo akarudi kwenye waya wake, masikio yamemwiva. Ee, alimpenda kijana huyu! Alimpenda mpaka akiwa peke yake chuoni alijikuta anatabasamu mbele ya kompyuta, na wenzake wakidhani amepata jambo kubwa kwenye utafiti.

"Mjomba Cyriaque atapiga simu ya posa leo mchana," Roméo akasema kwa sauti ya chini. "Amempigia mama yako mara mbili. Mara mbili amekatiwa. Ameniambia hodi ni tatu, ya nne ni kujidhalilisha. Akikatiwa leo, hatapiga tena. Na baba yangu hayupo duniani, Aurore. Nisipokuwa na Mjomba, sina wa kunisemea."

"Ninajua."

"Sitaki kukuoa kwa mlango wa nyuma."

"Na mimi siolewi kwa mlango wa nyuma. Nitatoka nyumbani kwa mama yangu mchana kweupe, yeye mwenyewe amenishika mkono." Akamnyoosha kola ya shati, ingawa ilikuwa imenyooka. "Nenda kamlaki mama yako kituoni. Mie niachie wangu."

Chumba chenyewe kilikuwa chini ya jengo la ghorofa pale mtaa wa Bredäng, Uswidi. Waswidi wana jambo lao zuri: watu wakitaka kujua kitu, hukodi chumba, huchemsha kahawa, hukaa duara na kujifunza, hata kama ni habari za uyoga. Akina mama wa Kiswahili nao walikuwa na duara lao. Mwezi uliopita walifundishwa kulea bustani za kwenye roshani. Leo ilikuwa zamu ya Aurore, na somo lake lilikuwa historia ya tamthilia za mchana za Amerika, somo lililokuwa likimtafutia shahada ya udaktari chuo kikuu. Mama yake akiulizwa kanisani binti anasomea nini, hujibu, "Mambo ya historia," halafu hubadili mazungumzo.

Na alikuwa na sababu.

Mama Dorothée alipowasili mtaa wa Alby kutoka Bukavu, na binti mdogo mkononi, hakuwa na neno hata moja la Kiswidi. Alimngoja mumewe, Papa Urbain, aliyekuwa amerudi kwao Fizi kumchukua mama yake mzee na akaahidi kuwafuata. Asubuhi alifua, mchana alipika, na ilipofika saa tisa alikaa mbele ya televisheni, kwa maana saa tisa kulikuwa na mchezo wa Amerika wenye maandishi ya Kiswidi chini yake. Humo ndimo alimojifunzia lugha. Radieta ya kupasha nyumba joto ilipoharibika, alikwenda ofisi ya wenye nyumba akamwambia karani, kwa Kiswidi safi kabisa, "Umeniharibia maisha yangu, na siku moja utalia kama ninavyolia mimi!" Fundi alifika siku ileile.

Katika mchezo ule alikuwamo mwanamke anaitwa Loretta. Mumewe, Clifton, alipanda ndege ndogo akapotea. Hakuonekana yeye wala maiti yake. Loretta akawa mtu wa kusimama dirishani. Basi jioni moja, kwenye kikundi cha maombi, Mama Dorothée alisimama huku machozi yanamtoka akasema: "Wapendwa, nina dada Amerika, anaitwa Loretta. Mume wake amepotea. Tumwombee." Akina mama wale, Mungu awabariki, wengine walikuwa wakishinda kazini na wengine darasani, saa tisa hawaijui. Wakatangaza mfungo wa siku tatu. Walifunga kweli, midomo ikawakauka, wakamlilia Mungu amrudishe Clifton. Siku ya mwisho akaja mgeni kutoka mtaa wa Tensta, Mrundi mmoja mcheshi, naye saa tisa alikuwa akiijua vizuri sana. Alisikiliza, akakunja uso, akashindwa kujizuia.

"Loretta? Mke wa Clifton wa kwenye ndege? Jamani, huyo si yuko kwenye televisheni!"

Mgeni huyo ndiye Dancille, mama yake Roméo. Kile kicheko kilichoangusha watu kutoka kwenye viti, mpaka leo kinasimuliwa. Mama Dorothée alitoka mlangoni bila koti, baridi ya mwezi wa kwanza, na tangu siku hiyo akisikia jina la Dancille hubadilika rangi.

Sasa alikuwa akiingia, kitenge chake cha kijani kimepigwa pasi, kilemba kimesimama. Akaviona viti viwili.

"Hicho cha skafu ni cha nani?"

"Cha mgeni wangu, maman. Kaa."

"Aurore, mutoto wangu, mimi nimekuzaa. Mgeni gani?"

"Utamwona. Chukua andazi."

Akina mama wakajaa. Jerioth, Mkenya asiyekosa duara lolote lenye vitafunio, akakaa safu ya pili. Aurore akasimama mbele, akawasha skrini. Sauti yake haikutikisika.

"Kabla ya televisheni kulikuwa na redio," alianza. "Amerika, miaka ya thelathini ya karne iliyopita. Mchana wanaume wengi wako kazini, wanawake wengi wako nyumbani wanafua. Makampuni ya sabuni yakajiuliza, huyu mama tutampataje? Wakalipia hadithi. Robo saa kila siku, na mama akishaanza kulia, wanamwambia habari za sabuni."

"Kumbe!" Jerioth akapiga paja. "Tulikuwa tunalizwa ili tufue!"

"Ndiyo maana hata Waswidi wanaziita såpa."

"Sabuni!" wakaitikia wengi, chumba kikacheka. Mama Dorothée hakucheka, lakini hakuinuka pia.

"Miaka ya hamsini zikahamia televisheni. Zilirushwa palepale zinapoigizwa. Mwigizaji akisahau maneno, amesahau mbele ya nchi nzima. Mtu akifunga mlango kwa hasira, ukuta wa nyumba unayumba, maana ni ubao tu. Na siri ikifichuka, kinanda kinapigwa, kama cha kanisani."

Hapo mlango wa chumba ukafunguliwa. Roméo aliingia, na nyuma yake mwanamke mfupi mwenye miwani, amevaa koti zito la bluu. Mama Dancille alitazama chumba, akauona kilemba kile cha kijani, akasimama. Roméo akamtazama Aurore kama mtu anayeuliza swali. Aurore akaitikia kwa kichwa: mlete.

Mama Dancille akapita katikati ya viti, akaitoa skafu nyekundu, akaikunja vizuri, akakaa.

"Habari za siku nyingi, Mama Aurore."

Mama Dorothée alitazama skrini. "Endelea, mwalimu," akamwambia binti yake kwa sauti ya kukata nyama.

Aurore akaendelea. Akaeleza kwa nini watu wa michezo ile husema jambo moja mara tatu: mwandishi alimjua mtazamaji wake, yuko jikoni, mgongo ameipa televisheni, anapiga pasi, mtoto analia, akikosa Jumatatu, Jumanne ataambiwa.

"Na Ijumaa?" akauliza.

"Ijumaa wanakukatia patamu!" wakajibu kwa pamoja.

"Ijumaa hawamalizi hata siku moja. Mlango unafunguliwa, Loretta anageuka, aliyeingia humwoni. Mpaka Jumatatu."

Jina lile lilimponyoka? Hata kidogo. Aurore alilitaja kwa makusudi. Mabega ya mama yake yakakaza, na nyuma kidogo mtu akaguna kwa kicheko cha kale. Mama Dancille akageuka, akamtazama huyo aliyeguna mpaka akanyamaza.

"Jambo la mwisho kabla ya kahawa," Aurore akasema. Sasa alimtazama mama yake peke yake. "Michezo hii imeishi muda mrefu kuliko watu. Upo uliochezwa zaidi ya miaka sabini, kuanzia redioni, mpaka ulipozimwa wanawake wengi walipokuwa kazini na saa tisa haina mtu nyumbani. Sasa, katika miaka hiyo yote waigizaji waliondoka, waliugua, walikufa. Hadithi ilifanya nini? Haikusimama. Siku hiyo mtangazaji alisema kwa sauti tulivu: nafasi ya fulani leo inachukuliwa na fulani. Basi. Mtu mwingine kabisa anaingia, sura nyingine, na wote ndani ya nyumba wanamwita kwa jina lilelile."

"Zima," alisema Mama Dorothée.

"Maman..."

"Nimesema zima kitu hicho!" Alikuwa amesimama. "Unafikiri mimi sijui? Clifton alirudi! Watu wote wanasema Dorothée aliacha kutazama kwa sababu ya aibu. Aibu gani? Nilitazama miaka mitatu baada ya aibu. Nilitazama mpaka Ijumaa ile mlango ulipofunguliwa. Jumamosi na Jumapili sikulala. Jumatatu akaingia. Mtu mwingine! Pua si ile, sauti si ile, na Loretta akamkumbatia. 'Clifton wangu!' Nikazima, na sijawasha tena."

Aurore hakuwahi kulisikia jambo hili. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi wa wanawake wawili, amejiandalia maneno matamu ya kusuluhisha, na ghafla maneno yote yakawa hayana kazi.

Mama Dancille akavua miwani. "Dorothée," alisema polepole, bila kumwita kwa jina la mtoto. "Siku ile nilicheka. Sikujua. Nilipofika nyumbani nikaambiwa mume wako alirudi Fizi na hakuna habari. Nikakaa kitandani na koti langu. Nikasema, kumbe mwenzangu alikuwa anamwombea wa kwake, na jina la kulitaja hana nguvu nalo. Nilikuja mlangoni kwako, Alby, mara nyingi."

"Nilikuona kwenye kitundu cha mlango."

"Najua uliniona. Nilikusikia ukipumua."

Mtu mmoja akapenga kamasi. Alikuwa Jerioth.

"Basi, maman, kama ni hivyo," Aurore akasema, na sasa sauti yake ilitikisika, "Roméo ana kosa gani? Mjomba wake anapiga simu kwa heshima, wewe unamkatia. Mara mbili. Ni kwa ajili ya kicheko cha zamani?"

Mama Dorothée akamgeukia. Macho yalikuwa mekundu, lakini kidevu kilikuwa juu.

"Dancille nilishamsamehe zamani, ila sikupata njia ya kumwambia. Unajua yule Cyriaque alianza na neno gani? Mara ya kwanza na mara ya pili? 'Amahoro, mama. Naomba nisemezane na baba mwenye nyumba.' Baba mwenye nyumba! Nimwambie nini? Nimwambie subiri kidogo, yuko Fizi? Nikisema hayupo, Aurore, nimesema. Siwezi kulirudisha tena. Nikamkatia simu."

Roméo akashika kichwa. "Mama, nisamehe. Ndiyo desturi yetu. Mjomba anajua kwamba Papa hayupo, lakini posa haianzi bila kumtaja baba. Kwake ni kumheshimu Papa Urbain. Angeanza na mtu mwingine, angejiona amekutukana."

"Ni kumheshimu?"

"Ni kumheshimu, mama. Walahi sikujua kama inakuchoma."

Mama Dorothée akamtazama kijana huyu kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Aliyaona masikio yale yaliyoiva na mikono mikubwa isiyojua pa kukaa. Aliona pia jambo ambalo kila mtu chumbani alikuwa ameliona isipokuwa yeye: kwamba hata katika fadhaa ile, Roméo alikuwa amesogea mpaka kando ya Aurore, na kidole chake kidogo kimeshika cha binti yake, nyuma ya meza, kama watoto wa shule.

"Unampenda binti yangu?"

"Ninampenda."

"Anapenda kuamrisha."

"Nimeona, mama."

Kicheko kikapita chumbani, safari hii chepesi. Mama Dancille alicheka kwa uangalifu, mkono mdomoni, mpaka Mama Dorothée akampiga kumbo kidogo. "Cheka bwana. Leo nimekuruhusu."

Aurore alitaka kumkumbatia mama yake, alitaka kulia, alitaka kula mandazi yote. Lakini hakufanya lolote katika hayo, kwa sababu ndani ya mkoba wa kijani wa Mama Dorothée simu ilianza kuita.

Roméo akatazama saa. Hakuna aliyeuliza ni nani.

Iliita. Mama Dorothée akaitoa, akaishika kwa mikono miwili. Aurore alipiga hatua moja, akasimama. Katika maisha yake yote alikuwa amemsaidia mama huyu kujibu simu: za daktari, za shule, za ofisi. Mkono wake ulikuwa umeshanyooka kuipokea.

"Hapana," mama akasema. "Hii ni yangu."

Ikaita tena. Mama Dorothée akatazama kiti alichotoka, akatazama watu, midomo ikicheza bila sauti. Mama Dancille akainuka, akampangusa kitenge begani pale palipokuwa na chembe za sukari ya andazi, akakaa.

Simu ikapokelewa. Mama Dorothée alibonyeza spika, maana alikuwa mtu wa kufanya mambo yake mbele za watu, mazuri na mabaya.

"Amahoro, mama," ikasema sauti nzito ya mzee, yenye adabu ya kizamani. "Ni Cyriaque tena. Nisamehe kukusumbua. Naomba nisemezane na baba mwenye nyumba."

Aurore alikisikia kidole cha Roméo kikikaza. Mama Dorothée akafumba macho. Machozi yalitelemka yenyewe, akayaacha yaende zake. Alipofumbua, alisimama wima kama anayetaka kusomewa baraka, na sauti iliyomtoka ilikuwa tulivu, ya mtangazaji.

"Bwana Cyriaque. Baba mwenye nyumba ni Urbain. Aliondoka kwenda kumchukua mama yake, na hakurudi." Akavuta pumzi. "Nafasi ya baba wa Aurore, leo, inachukuliwa na Dorothée."

Upande wa pili kukawa kimya. Kimya kile kilirefuka, na Aurore akahisi maji yamemfika shingoni. Je, mzee atakubali? Wapo wazee wasiokubali. Wapo wanaosema mwanamke hapokei posa, wakatia simu mfukoni na kulimaliza jambo.

Ndipo waliposikia kiti kikikwaruza sakafu huko aliko. Mzee Cyriaque alikuwa amesimama.

"Hodi, baba," akasema.

"Karibu," akajibu Mama Dorothée.